Kabla ya Theluji, Tafuta pa Kuegesha

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Septemba, vijana wetu walioko Ulaya huniandikia wakiuliza swali moja kwa maneno mbalimbali. Je, yawezekana mtu kununua gari kuukuu la mizigo, aligeuze chumba, kisha aishi ndani yake majira yote ya baridi katika milima ya Alps, akifanya kazi ya kumpa riziki na kuteleza juu ya theluji kila apatapo nafasi? Jibu langu huwa ni lile lile: yawezekana, na wako wengi wanaofanya hivyo kila mwaka. Walakini nikiisoma mipango wanayonieleza, naona wengi wameanzia mwisho. Wameshachagua skii na viatu vyake, wamelinganisha bei za tiketi, na hata rangi ya pazia la gari wameiamua. Swali ambalo hawajaliuliza ni hili: usiku ukiingia, gari hilo litasimama wapi, na kwa idhini ya nani?

Swali hilo huonekana dogo. Mimi nashikilia kwamba ndilo mpango wote, na kwamba si la kijana huyo peke yake. Ni swali pia la miji ya milimani inayoishi kwa jasho lake.

Siyasemi haya kwa kusimuliwa. Nimefanya kazi majira mawili ya baridi katika bonde la Tarentaise, mashariki mwa Ufaransa, nikisugua sufuria katika jiko la hoteli moja, na usiku nikilala katika gari lenye ukubwa wa matatu ya abiria 14, viti vyote vikiwa vimeng'olewa. Desemba ijayo, Mungu akipenda, nitarudi huko kwa mara ya tatu. Kwa hivyo nayaandika haya kama mtu anayeipanga safari yake mwenyewe.

Msomaji aliye Kericho au Voi huenda akauliza: Mkenya na theluji, wapi na wapi? Namkumbusha kwamba mwaka 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Nagano, Japani, Philip Boit aliiwakilisha Kenya katika mbio za skii za kilomita 10. Alimaliza akiwa wa mwisho, nambari 92, na mshindi wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngojea kwenye utepe ili amkumbatie. Miaka 20 baadaye, mwaka 2018, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, alishuka mteremko wa Olimpiki huko Korea Kusini akiwa na bendera yetu. Hao ni mashujaa. Wakenya wenzangu niliokutana nao mimi katika Alps hawakupita lango la wanamichezo. Walipita mlango wa jikoni. Walikuwa wakitandika vitanda, wakibeba mizigo ya wageni, wakikatakata vitunguu. Na kwa mtu wa namna hiyo, gari la kulala halikuwa mchezo wa matajiri. Lilikuwa hesabu.

Hebu tuifanye hesabu hiyo. Msimu wa skii katika Alps huanza mapema Desemba na kumalizika katikati au mwishoni mwa Aprili, ingawa vituo vilivyo juu sana, kama vile Val Thorens kilichojengwa kwenye kimo cha mita 2,300, hufunguliwa mapema na kufungwa baadaye. Kutoka tarehe 1 Desemba hadi tarehe 20 Aprili ni siku 141. Vyumba katika vituo hivyo hukodishwa kwa wiki, na bei yake hupangwa kwa kumtazama mgeni anayekuja mara moja kwa mwaka akiwa amejiwekea akiba. Mwoshaji vyombo hawezi kulipa bei hiyo mara 20 mfululizo. Tiketi ya siku moja ya kupanda lifti katika maeneo makubwa hupita yuro 70, na pasi ya msimu mzima hupita yuro 1,000. Mwajiri mwema humpa mfanyakazi kitanda na pasi. Lakini si waajiri wote walio wema, na vitanda havitoshi. Hapo ndipo gari huingia. Kodi ya miezi mitano milimani yaweza kununua gari kuukuu, na msimu ukiisha gari hubaki mali yako.

Hadi hapo hesabu ni tamu. Uchungu huanza zebaki inaposhuka.

Wahenga walituambia kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Gari linalopendeza picha laweza kuwa jeneza la barafu likikosa mambo manne: joto, ukavu, maji na umeme. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7. Mji ulioko bondeni ukiwa kwenye nyuzi 2 juu ya sifuri, kituo kilichoko mita 1,300 juu yake huwa kimekwisha kushuka chini ya sifuri kwa nyuzi 6 au zaidi, na hapo upepo haujahesabiwa. Aliyezoea baridi ya Julai ya Kinangop aelewe kwamba hiyo ni utangulizi tu.

Tuanze na gesi. Mtungi tunaopikia hapa kwetu huwa na mchanganyiko wa butani na propani, nasi hatuna sababu ya kujali kipi ni kipi. Huko milimani tofauti hiyo ndiyo chakula cha jioni. Butani huacha kugeuka mvuke hali ya hewa inapokaribia nyuzi 0, ikabaki maji tu ndani ya mtungi, na jiko likazimika ilhali mtungi ni mzito mkononi. Propani huendelea kufanya kazi hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hivyo mtu asinunue mtungi kwa rangi wala kwa bei, asome kilichoandikwa. Tena akumbuke kwamba hita ya gesi ina njaa: katika wiki ya baridi kali, mtungi wa kilo 11 huisha kwa siku chache tu. Wengi huchagua hita inayotumia dizeli ya gari lenyewe. Nayo ni nzuri, ila katika kimo kikubwa hewa huwa nyepesi, moto hauungui vizuri, na masizi huiziba hita isiyorekebishwa kwa ajili ya milima. Mwenye kupanga na amuulize fundi jambo hilo mwezi wa Oktoba, wala asingojee usiku wa Januari.

Adui wa pili ni unyevu, naye ni mjanja kuliko baridi. Pumzi ya watu wawili waliolala, sufuria ya chai, soksi zilizoanikwa, vyote hutoa mvuke, na mvuke huo hutafuta bati baridi ukageuka maji, kisha barafu. Kilo 1 ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo 1.6 za maji. Ndiyo maana mwenye kujipasha moto kwa jiko la kupikia hulowa badala ya kukauka. Hita inayofaa ni ile inayovuta hewa kutoka nje na kutoa moshi wake nje. Kuta zote, sakafu na paa ni lazima zijazwe kitu cha kuzuia baridi, madirisha yafunikwe usiku, godoro liachiwe nafasi ya hewa chini yake lisije likaota kuvu, na tundu la hewa juani lisizibwe hata mtu akitetemeka.

Juu ya tundu hilo nasisitiza. Sisi twaijua hewa ya kaboni monoksidi, kwa kuwa kila majira ya baridi hapa nchini husikika habari za jamaa waliolala na jiko la makaa chumbani wasiamke. Haina harufu wala rangi. Ndani ya gari lililofunikwa na theluji, bomba la moshi laweza kuzibwa usiku mmoja. Kifaa cha kuitambua hewa hiyo ni kidogo kama kiganja na bei yake haizidi ya mlo mmoja katika mkahawa wa huko. Asiye nacho bado hajapanga kitu.

Maji yasiwekwe katika tangi lililoning'inia chini ya gari, kwani yataganda. Yawekwe katika madebe ndani, karibu na kitanda. Mabomba mengi ya umma hufungwa majira ya baridi yasije yakapasuka, hivyo ni vyema kujua mapema ni wapi patapatikana maji, choo na mahali pa kuoga. Wengi wetu tulioga kwenye bwawa la kuogelea la manispaa na kufua kwa mashine za kulipia. Umeme nao ni haba: jua la Desemba hupita chini, siku ni fupi, na bamba la sola lililolaliwa na theluji halitoi kitu. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi 0, basi mahali pake ni ndani, penye joto. Na dizeli yenyewe hugandamana kama samli. Anayetoka nchi za chini na tangi lililojaa huweza kukuta asubuhi injini imekataa. Afadhali kufika na tangi nusu na kulijaza milimani, ambako vituo huuza dizeli iliyotengenezwa kwa baridi.

Barabarani sheria ni wazi. Tangu Novemba 2021, maeneo ya milima ya Ufaransa yaliyoainishwa yanalazimu kila gari, kati ya tarehe 1 Novemba na tarehe 31 Machi, liwe na matairi ya majira ya baridi au liwe limebeba minyororo ya magurudumu. Austria inadai matairi hayo kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 15 Aprili barabara zinapokuwa na theluji au barafu. Minyororo hiyo ijaribiwe nyumbani, mchana, mikono ikiwa na joto. Na gari likiegeshwa usiku, liachwe ndani ya gia pasipo kuvutwa breki ya mkono, kwani breki hiyo huganda likakataa kuondoka.

Yote niliyoyataja yaweza kununuliwa au kujifunzwa. Sasa tufikie lile lisilouzwa dukani, yaani mahali.

Kwanza, mlima wenyewe una neno lake. Tarehe 9 Februari 1999, poromoko la theluji lilikifikia kijiji cha Montroc, karibu na Chamonix, likaua watu 12 waliokuwa ndani ya nyumba zao. Wiki mbili baadaye, tarehe 23 Februari, poromoko jingine lilikipiga kijiji cha Galtür huko Austria, likaua watu 31, baadhi yao katika eneo ambalo ramani zilionyesha kuwa salama. Ikiwa poromoko hubomoa nyumba za mawe, seuze gari la bati. Nchi za Ulaya hutumia kipimo kimoja cha hatari hiyo, kuanzia 1 hadi 5, kilichokubaliwa mwaka 1993, na taarifa yake hutolewa kila siku msimuni. Anayeegesha chini ya mteremko wazi kwa sababu pana mandhari nzuri na hapana mlinzi, na ajiulize kwa nini wenyeji wa karne na karne hawakujenga hapo.

Pili, ziko sheria za watu. Ufaransa, gari lililoegeshwa mahali panaporuhusiwa halikatazwi kwa kawaida kwa sababu tu mna mtu amelala ndani. Lakini meya ana mamlaka ya kuzuia, na mameya wengi wa vituo vya skii wameyatumia. Italia, gari likiegeshwa bila kutandaza chochote nje na bila kumwaga maji machafu halihesabiwi kuwa limepiga kambi. Ujerumani, dereva aweza kulala usiku mmoja ili kupumzika na kuendelea na safari. Katika jimbo la Tirol, Austria, kupiga kambi nje ya viwanja vilivyotengwa ni marufuku. Uswisi, kila jimbo na kila mji huwa na lake. Mtu mwenye likizo ya siku 10 aweza kucheza na sheria hizi kwa kuhamahama. Mwenye kazi ya siku 141 hawezi.

Hapo ndipo pana ukinzani ambao wauzaji wa ndoto hii hawausemi. Gari husifiwa kwa kuwa lina magurudumu: theluji ikikosekana hapa, nenda pale, ukichoka na Ufaransa, vuka mlima uamkie Italia. Lakini aliyeajiriwa anatakiwa jikoni saa moja asubuhi, na pasi yake ya msimu hufungua malango ya eneo moja tu. Magurudumu yake hayana kazi. Anachohitaji ni kile kile anachohitaji kila mfanyakazi duniani: mahali pa kudumu, karibu na kazi, ambapo hataamshwa usiku na tochi.

Naam, tochi nimeziona. Katika mji mmoja wa bonde lile, maegesho ambayo kwa miaka mingi wafanyakazi wa msimu walikuwa wakilala yaliwekewa nguzo ya chuma ya kuzuia magari marefu, katikati ya Januari, msimu ukiwa umepamba moto. Siku ya pili wafanyakazi wale wale walifika kazini kama kawaida, wakawaamkia wageni kwa bashasha, wakawapakulia supu. Jioni wakatawanyika kutafuta kona nyingine.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko wamempa jembe siku ya kwanza. Pa kulala hawajampa.

Nisije nikaonekana ninawaonea wenyeji, nitaieleza hoja yao, nayo ina uzito. Manispaa husema kwamba magari 40 bila choo huchafua theluji ambayo mwezi wa Mei itakuwa maji ya kunywa. Husema kwamba gari la kusukuma theluji alfajiri haliwezi kufanya kazi iwapo maegesho yamejaa watu waliolala. Husema kwamba anayelala bure hamlipi anayezoa taka. Yote ni kweli, nami nimewaona wenzangu wakimwaga ndoo mahali pasipofaa. Ila hoja hizo haziniongozi kwenye nguzo ya chuma. Zaniongoza kwenye choo, bomba la maji lililolindwa dhidi ya barafu, mtambo wa umeme wa kulipia, na pipa la taka. Mtu anayepewa mahali halali kwa malipo ya haki huwa na sababu ya kupatunza.

Isitoshe, sababu ya uhaba wa vyumba haikuletwa na wafanyakazi. Katika Alps, maelfu ya nyumba hufunguliwa wiki chache kwa mwaka, kisha hukaa gizani. Waswisi waliliona tatizo hilo, na katika kura ya maoni ya tarehe 11 Machi 2012, asilimia 50.6 ya wapiga kura waliamua kwamba nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila mji. Ufaransa nayo, kwa sheria ya milima ya tarehe 28 Desemba 2016, iliitaka miji ya kitalii itie saini mkataba na serikali kuhusu makao ya wafanyakazi wa msimu. Basi wakubwa wanajua. Kilichosalia ni kuyatoa maneno kwenye karatasi na kuyaweka juu ya ardhi, na hapo gari la kulala lihesabiwe kuwa makao, lisihesabiwe kuwa uchafu. Nasi tusicheke: aliyewahi kufanya kazi hoteli za Diani na kupanga chumba Ukunda anaelewa vizuri umbali ulioko kati ya kitanda unachokitandika na kitanda unachokilalia.

Liko pia jambo la miaka ijayo, nalo laongeza uzito wa hoja hii. Theluji inapungua. Katika kituo cha vipimo cha Col de Porte, karibu na Grenoble, kilichoko mita 1,325, wastani wa kina cha theluji majira ya baridi umepungua kwa takriban sentimita 40 ukilinganisha miaka ya 1960 hadi 1990 na miaka ya 1990 hadi 2020. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulivitazama vituo 2,234 vya skii barani Ulaya, ukaona kwamba joto la dunia likiongezeka kwa nyuzi 2, asilimia 53 kati yake vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji, iwapo havitatumia theluji ya kutengenezwa. Maana yake ni kwamba watu watazidi kusongamana katika vituo vichache vya juu, na huko ndiko nyumba zilipo ghali na maegesho ni machache zaidi.

Basi nampa nini kijana anayepanga? Nampa utaratibu ninaoufuata mwenyewe.

Septemba ni mwezi wa karatasi na kazi. Mwenye pasipoti ya Kenya aliye na viza ya kutembea tu katika nchi za Schengen huruhusiwa siku 90 katika kila siku 180, wala haruhusiwi kufanya kazi. Msimu ni siku 141, na hesabu hiyo haina mzaha. Hata Waingereza, ambao zamani walikuja bila kuulizwa, sasa huhesabiwa siku hizo hizo tangu kipindi cha mpito cha kujitoa kwao kilipokwisha tarehe 31 Desemba 2020. Anayesoma au kufanya kazi Ulaya na aulize kibali chake kinamruhusu kufanya nini, na katika nchi gani. Akizungumza na mwajiri, swali la pili baada ya mshahara liwe: wafanyakazi wako hulala wapi? Jibu liandikwe katika mkataba. Mwajiri mwenye ua nyuma ya hoteli aweza kukuruhusu uegeshe hapo na kuvuta waya wa umeme, na ruhusa hiyo ina thamani kuliko nyongeza ya mshahara.

Oktoba ni mwezi wa fundi: hita, matairi, betri, kifaa cha hewa ya sumu. Bima pia, na kampuni ya bima ielezwe kwamba gari limegeuzwa makao. Bima ya kuteleza isisahaulike. Italia, tangu tarehe 1 Januari 2022, kila anayeteleza kwenye njia zilizoandaliwa ni lazima awe na bima ya madhara atakayowafanyia wengine. Ufaransa, kubebwa kutoka kwenye njia hizo ukiwa umevunjika mguu hulipiwa, na bili yake hukutana nawe ungali hospitalini.

Novemba, kabla barabara hazijawa nyeupe, panda ukapaone mahali penyewe mchana. Ingia katika ofisi ya manispaa, uamkie, uulize kwa adabu ni wapi wafanyakazi wa msimu huegesha. Usidharau mabonde. Bourg-Saint-Maurice iko chini, kwenye mita 800 na ushei, na treni ya kamba humpandisha mtu hadi Arc 1600 kwa dakika 7 hivi. Brides-les-Bains ina lifti inayofika Méribel, iliyojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya Albertville ya mwaka 1992. Anayelala chini na kupanda kwa kamba asubuhi hupata usiku wenye nafuu, maji yasiyoganda na duka la bei ya kawaida. Na majirani zake huwa ni watu wanaoishi pale mwaka mzima.

Mwisho, weka kando fedha za kulipia chumba kwa wiki mbili, wala usiziguse kwa skii mpya. Hita itaharibika usiku wa baridi kuliko zote, au homa itakushika, na usiku huo gari si nyumba tena.

Akishayafanya hayo, ndipo kijana anunue skii, tena zilizotumika, ambazo hupatikana kwa bei nafuu mabondeni. Raha ya kuteleza ipo, nami sitamnyima mtu raha hiyo: asubuhi ya Machi, kabla ya zamu, theluji ikiwa haijakanyagwa, huna deni la kodi na mwili una nguvu, ni neema ambayo wageni wa hoteli huilipia fedha nyingi. Mfanyakazi anastahili kuionja. Ila miji inayomhitaji imwambie wazi, kabla hajawasha injini, mahali atakapoizima. Nayo miji isiyotaka kumwonyesha mahali hapo, na ianze kujiosheza vyombo vyake yenyewe.